Kona iko skwea? Njia nne za kukagua, na ipi inakufaa

Kona iliyokwenda pogo haionekani kwenye msingi. Inaonekana siku fundi marumaru anapofika ukutani na kukuta kipande cha mwisho kinaanza na upana wa sentimita 8 mlangoni na kuishia na sentimita 2 dirishani. Inaonekana tena kwenye kupaua, bati linapotokeza kiganja kizima upande mmoja na upande wa pili linakaribia kuishia ukutani. Wakati huo kubomoa ni pesa na hasira, kwa hiyo wengi wanameza tu.

Kukagua kwenyewe ni kazi ndogo, na mwenye nyumba anaweza kuifanya kwa mkono wake. Kinachomchanganya ni kwamba kila mtu ana njia yake. Fundi mzoefu wa Ujiji atakwambia tatu-nne-tano. Kijana aliyepitia chuo cha ufundi atapima ulalo wa huku na wa kule, yaani kutoka kona moja hadi kona ya mkabala. Mwalimu wa hesabu atatoa kikokotoo. Seremala ataweka skwea ya chuma kwenye kona, atafumba jicho moja na kusema iko sawa. Wote hawakosei. Wanachotofautiana ni wapi njia yao inaanza kudanganya.

Tatu kati ya njia hizo nne zinasimama juu ya kanuni moja ya urefu wa pande. Chukua pembetatu yoyote, tafuta upande wake mrefu kuliko zote. Zidisha upande huo kwa wenyewe. Kisha zidisha kila upande mfupi kwa wenyewe na ujumlishe. Majibu mawili yakilingana, pembe inayotazamana na upande mrefu ni ya nyuzi 90 kamili. Jumla ya pande fupi ikiwa ndogo, pembe ni butu, yaani kona imefunguka. Ikiwa kubwa, pembe ni kali, kona imefunga. Shuleni tunaifahamu kwa jina la Pythagoras, ingawa anachofundishwa mwanafunzi mara nyingi ni mwelekeo mmoja tu: kona ikiwa mraba, basi vipeo vya pili vinalingana. Kwenye kiwanja tunarudi kinyume, toka kwenye vipimo kwenda kwenye kona. Kurudi huko kunahitaji uthibitisho wake, na Euclid aliuweka peke yake zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, mara tu baada ya kumaliza ule wa kwanza.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nimeitazama kwa mambo manne: vifaa na watu inaohitaji, hesabu inayodai, kosa la sentimita 1 kwenye kupima linageuka kuwa kiasi gani mwishoni mwa ukuta wa mita 12, na inavumiliaje mteremko. Hilo la nne mtu wa Tabora anaweza kuliruka, maana kiwanja chake aghalabu ni tambarare kama meza. Sisi wa Kigoma tunaojenga Bangwe, au kwenye miinuko ya kutoka stesheni kupanda Mwanga, ndilo linalotutoa jasho.

Njia ya kwanza: tatu-nne-tano

Vifaa na watu. Futi (tepu ya kupimia), uzi, vigingi, misumari midogo ya kupigilia juu ya vigingi, na watu watatu. Wawili wanaweza, ila mmoja atakimbia sana. Nyoosha uzi wa mbele ya nyumba kwanza, huo usiguswe tena. Toka kwenye msumari wa kona, pima mita 3 kwenye uzi mmoja na mita 4 kwenye uzi mwingine, tia alama. Kati ya alama na alama futi isome mita 5. Ikisoma 5.03 kona imefunguka, ikisoma 4.97 imefunga, na anayesogezwa ni uzi wa pembeni.

Hesabu. Hakuna. Ndiyo maana inapendwa, na ndiyo maana fundi ambaye hakukaa sana darasani anaweza kukupigia kona safi kuliko mwenye cheti.

Kosa la sentimita 1. Hapa tukae kidogo, maana ndipo nyumba nyingi zinapoharibikia. Kanuni inasema tatu, nne na tano. Haisemi tatu nini.

"Fundi, mbona umepima kwa senti sitini na themanini?"

"Mama, ni ileile. Sitini, themanini, mia. Tatu-nne-tano hiyo hiyo."

Kwa hesabu ni ileile kweli. Kwa msingi siyo. Ukipiga kwa mita 3, 4 na 5, ukakosea sentimita 1 kwenye ulalo, kona inatoka nje kwa karibu robo ya nyuzi, na ukuta wa mita 12 unaishia sentimita 5 pembeni ya mahali pake. Ukikosea sentimita ileile kwenye pembetatu ya sentimita 60, 80 na 100, ukuta uleule unaishia sentimita 25 pembeni. Na ukiipanua iwe mita 6, 8 na 10, unabaki na sentimita 2 na nusu. Kosa la mkono ni moja, kinachobadilika ni ukubwa wa pembetatu. Fundi mwenye futi ya mita 3 si mbaya, ila futi yake ni ya kupimia fremu za milango. Kwa msingi, mwenye nyumba anunue au aazime futi ndefu.

Na sentimita 1 inapotea kirahisi mno. Kile kindoano cha chuma mwanzoni mwa futi kimeachwa kicheze kidogo makusudi, ili kipime sawa kikivutwa na kikisukumwa, lakini juu ya msumari hakikai vizuri. Dawa ni kuanzia alama ya sentimita 10 badala ya sifuri kisha kutoa hizo 10 mwishoni. Uzi wa nailoni nao unavutika. Vipimo vichukuliwe kwa futi, uzi ubaki wa kuonyesha mstari.

Mteremko. Kuta zinasimama wima, kwa hiyo kona tunayoitaka ni ile ambayo ndege angeiona kutoka juu, kama ramani inavyochorwa. Futi iliyolala juu ya udongo wa mlimani inapima udongo. Ukuta mmoja ukienda na usawa wa mlima na mwingine ukashuka moja kwa moja, umeponea chupuchupu: kona itatoka skwea, ila nyumba itakuwa fupi kuliko ramani. Mita 4 za udongo kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila 10 ni mita 3.98 tu. Balaa ni kiwanja kilichokaa mshazari na mlima, ambapo kuta zote mbili zinateremka kutoka kwenye kona hiyohiyo. Kama mteremko ni wa mita 2 kwa kila 10 na umeikata kona katikati, futi itakusomea 5.00 bila wasiwasi wowote huku kona halisi ikiwa imezidi nyuzi 91. Kwa ukuta wa mita 12 hizo ni sentimita 23 na ushee. Hakuna aliyekosea kusoma futi, na nyumba imekwenda pogo.

Kwa hiyo mlimani futi ishikwe mlalo kwa pima maji, na ncha iliyobaki hewani ishushwe kwa timazi, yaani uzi wenye uzito nchani, mpaka kwenye msumari wa kigingi. Afadhali zaidi ni kupigilia mbao kuzunguka msingi, zote kwenye usawa mmoja uliochukuliwa kwa mpira wa maji, na nyuzi zote zifungwe humo juu. Na hapa ushauri wangu wa kupanua pembetatu unagonga mwamba: mita 8 za mlalo kwenye mteremko huo zinaiacha futi mita 1.6 juu ya ardhi, inapepea na kubonyea katikati. Mlimani bila mbao za kuzunguka, tatu-nne-tano ya mita iliyoshikwa vizuri inaishinda sita-nane-kumi inayoning'inia.

Inamfaa anayeanzisha kona mpya, bado hakuna ukuta, hakuna hata kigingi cha pili.

Nyongeza kwa wasiopenda kukariri namba moja: ziko ndugu zake. Kwa fremu za maduka, ambazo ni ndefu na nyembamba, 5-12-13 inakaa vizuri zaidi. Kwa chumba kinachokaribia mraba, 20-21-29, yaani mita 2, mita 2.1 na mita 2.9. Watu wamekuwa wakikusanya namba za aina hii tangu zamani mno. Kuna kibao cha udongo cha Babiloni cha karibu miaka 3,800, kinachotunzwa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, chenye safu nzima za namba hizi, na mstari wake wa kwanza unatoa 119, 120 na 169. Jaribu kwa kalamu, inakubali.

Njia ya pili: kikokotoo na vipimo vyako mwenyewe

Vifaa na watu. Vilevile, ukiongeza simu. Badala ya kukata vipande vya 3 na 4 kwenye nyuzi zako, unatumia urefu halisi wa chumba au nyumba.

Hesabu. Chumba cha mita 3.6 kwa 4.2: 3.6 mara 3.6 ni 12.96, 4.2 mara 4.2 ni 17.64, jumla 30.6, na kipeuo chake cha pili ni 5.53. Huo ndio ulalo unaotakiwa. Msingi wa mita 9 kwa 11.5 unatoa ulalo wa 14.60. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kuchanganya vipimo, ramani imeandikwa kwa milimita, futi inasomwa kwa inchi. La pili ni kuchoka na desimali. Ukiona 5.53 ukaandika 5.5 kwa sababu inapendeza, umeshauhamisha ukuta wa mita 4.2 kwa karibu sentimita 5 kabla hujashika futi. Desimali mbili za mita zibaki kama zilivyo.

Kosa la sentimita 1. Hapa njia hii inajitoa kimasomaso. Pembetatu yako ni nyumba nzima, kwa hiyo kwenye ule msingi wa 9 kwa 11.5, sentimita 1 ya kosa kwenye ulalo inazaa chini ya sentimita 2 kwa ukuta wa mita 12.

Mteremko. Hakuna nafuu yoyote. Ulalo wa mita 14.60 juu ya mlima unahitaji mbao za usawa, la sivyo unajidanganya kwa namba zenye desimali. Na hata kwenye tambarare, ulalo mrefu unahitaji njia wazi. Lundo la tofali au kisiki cha mchikichi katikati ya kiwanja kinatosha kuizima njia hii mpaka kiondolewe.

Inamfaa mwenye nyumba anayetaka kuhakikisha kazi ya fundi bila kugombana naye. Anakokotoa usiku nyumbani, anaandika kwenye karatasi, asubuhi anafika na kusema, "Fundi, tusaidiane kuvuta futi hapa." Inafaa pia kwa kuta zilizokwisha kusimama zenye vipimo vya ajabuajabu.

Njia ya tatu: kulinganisha ulalo mbili

Vifaa na watu. Watu wawili na futi, au kamba tu isiyovutika. Unahitaji kona zote nne ziwe zimeshawekwa, hii ndiyo kasoro yake kubwa. Haianzishi kona, inakagua.

Hesabu. Hakuna, lakini kuna sharti ambalo watu wanaliruka. Kwanza pande zinazotazamana ziwe sawa, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kisha ndipo ulalo wa huku na wa kule vilinganishwe. Ukiruka sharti hilo, nyumba iliyopana mbele na kusinyaa nyuma kwa kipimo kilekile pande zote mbili itakupa ulalo sawasawa kabisa, na hakuna kona hata moja iliyo mraba. Nimeona watu wakipeana mikono juu ya msingi wa namna hiyo.

Kosa la sentimita 1. Ina uzuri wake: nyumba ikilala upande, ulalo mmoja unarefuka na mwingine unafupika, kwa hiyo tofauti unayoisoma ni mara mbili ya ile ya njia ya kikokotoo. Kwa msingi wa 9 kwa 11.5, ukuta mrefu ukiwa mbele, ukikuta ulalo mmoja umezidi mwenzake kwa sentimita 4, sogeza vigingi viwili vya nyuma pamoja kwa sentimita 2 na nusu kuelekea upande unaofupisha ulalo mrefu, kisha pima upya. Mimi tofauti ya sentimita 1 kwenye nyumba ya ukubwa huo naipokea. Kutafuta milimita kwenye vigingi vya mti ni kujitesa.

Mteremko. Sawa na wenzake. Ulalo mbili zinazolingana juu ya udongo ulioinama zinathibitisha mstatili ulioinama.

Inamfaa fundi aliyemaliza kupiga vigingi vyote, na inamfaa sana seremala. Fremu ya kitanda cha mninga kabla gundi haijakauka inanyooshwa kwa njia hii kuliko nyingine yoyote, unavuta kona mbili za ulalo mrefu kwa kamba mpaka zilingane, unaacha ikauke hivyo. Nyumba yenye umbo la L igawe kwanza iwe mistatili miwili.

Njia ya nne: skwea

Haipimi urefu wa pande, lakini ndiyo mshindani wao, haiwezi kuachwa nje.

Vifaa na watu ni mtu mmoja na chuma kimoja. Hesabu hakuna. Kosa lake lihesabu kwa milimita: mkono wa sentimita 60 ukiachana na uzi kwa milimita 1, ambayo jicho la mchana wa jua kali halioni, ukuta wa mita 12 umeshaondoka kwa sentimita 2. Milimita 3, ambazo ni za kawaida kwa skwea iliyoangushwa, ni sentimita 6. Kwa mteremko, iegemeze kwenye nyuzi zilizo usawa, si kwenye ardhi.

Kabla ya kuiamini ijaribu. Weka mkono mmoja kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, chora mstari kwa penseli kufuata mkono wa pili. Igeuze kama unavyofungua ukurasa, rudia pale pale. Mistari miwili ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana, kosa ni nusu ya uwazi unaouona. Ifanyie hivyohivyo ile skwea kubwa ya mbao ambayo mafundi wanajiungia kwa vipande vya sentimita 90, 120 na 150; iliyoungwa kwa mbao mbichi inajikunja ikikauka, na ile ya mwaka jana nisingeitumia bila kuijaribu.

Inamfaa anayepanga tofali za kona mstari kwa mstari, anayekata mbao, anayeanza marumaru ya bafuni. Kazi fupi, za karibu. Kwa nyumba nzima ibaki ya kukadiria.

Vile vifaa vya leza vinavyochora mistari miwili ukutani vipo, na ndani ya chumba vinarahisisha kazi. Nje saa sita mchana mstari wake hauonekani.

Uchague ipi, kwa hali yako

Kama kiwanja kiko wazi na tambarare, sehemu nyingi za Ujiji au kwa ndugu zetu wa Tabora, anza kona ya kwanza kwa 6-8-10, malizia vigingi vinne, kisha kagua kwa ulalo mbili. Njia hizo mbili zinashikana mikono, hakuna haja ya kuchagua moja.

Kama kiwanja ni cha mlimani, gharama yako iende kwenye mbao za usawa kabla ya kufikiria njia. Ukishazipata, hesabu ulalo kamili kwa kikokotoo. Usipokuwa na mbao, tumia 3-4-5 ya mita, futi mlalo na timazi, na ukubali kukagua tena msingi ukishafika usawa mmoja juu.

Kama huwezi kufika kiwanjani kila siku, uko Kasulu kikazi na nyumba inajengwa Mwandiga, andika urefu wa ulalo unaotakiwa wa kila chumba pembeni ya ramani yenyewe. Kila anayekusimamia anaweza kuvuta futi na kukusomea namba kwa simu, hata kama hesabu aliiacha darasa la saba.

Kwa mwanafunzi aliyeletewa pande tatu kwenye mtihani, vigingi havimhusu, ila mtego wake unafanana. Panga pande kwanza, mrefu uwe peke yake. Pande 7, 8 na 11: 49 na 64 ni 113, na 11 mara 11 ni 121, kwa hiyo pembe ni butu. Pande 9, 10 na 13: jumla 181, upande mrefu 169, pembe ni kali. Pande 12, 16 na 20 usizizidishe hata kidogo, zigawe kwa 4 uone ni akina nani.

Na kama kuta zimeshasimama, plasta imepigwa na chumba kimetoka pogo, kikokotoo kitakwambia ni kona ipi na kwa kiasi gani. Waambie mafundi marumaru waanze na mstari wa mlangoni, ulionyooka na korido, vipande vya kukatwa viangukie upande ambao kabati au kitanda kitakaa.